Tashtiti ni nini? Kicheko chenye mwiba, kutoka Roma hadi Kusadikika

Uwe Nyakatuntu au Dar, ukituma kwenye grupu la WhatsApp kichekesho cha kumchoma kigogo, unafanya kazi ya zamani sana. Kwenye fasihi inaitwa tashtiti: kukosoa maovu ya jamii kwa kejeli na kicheko.

Ilianzia wapi?

Vijembe vipo kila kabila, ila Warumi wa kale walijivunia kuvifanya utanzu kamili wa ushairi.

Lucilius, karne ya 2 kabla ya Kristo, aliwachapa wakubwa kwa majina. Aliweza, maana alikuwa tajiri na rafiki wa jemadari Scipio. Horace, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, alichagua kucheka kwa upole. Baadaye Juvenal aliona kuwataja walio hai ni hatari, akasema atawasema waliokwisha kuzikwa. Walio hai wajijue wenyewe.

Na kwetu je?

Shaaban Robert (1909–1962) hakujificha nyuma ya wafu. Alibuni nchi. Kusadikika, riwaya yake ya mwaka 1951, enzi za Mwingereza, inasimulia nchi inayoelea angani. Huko kijana Karama anashtakiwa na waziri kwa kufundisha watu sheria. Jina la waziri? Majivuno. Hapo kijembe kimeshafika.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe naye, kwenye tamthilia ya Kaptula la Marx, alimvalisha rais kaptula ya Marx isiyomtosha. Ni dhihaka kwa viongozi waliovaa ujamaa bila kupima kiuno chao. Aliiandika miaka ya 1970, kitabu kikatoka miaka ya 1990.

Inakuhusu nini wewe?

Wote hawa walihakikisha msomaji anajua kuwa huu ni utani. Ukiwa na kitabu cha Kusadikika mkononi, huwezi kudhani ni taarifa ya habari.

Kwenye simu ni tofauti. Kejeli ikikatwa kipande na kusambazwa, mtu wa grupu la tatu anaisoma kama habari ya kweli. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha.

Kwa hiyo kabla hujatuma, jiulize: anayeipokea atajua ni utani? Na je, inapiga tabia mbaya, au inamtukana tu mtu? Ikiwa ni matusi matupu, hiyo si tashtiti.