Kutoka Kalibu hadi Kiasi: Risasi, Mafuta na Mamlaka katika Maniema ya Karne ya 19

Utangulizi

Wengi walioandika juu ya Maniema ya zama za misafara ya pembe za ndovu wameyapima mamlaka ya wakati ule kwa kuhesabu bunduki. Hesabu hiyo ina maana yake, lakini haitoshelezi. Bunduki isiyo na baruti, risasi na kitu cha kuilainisha ni bomba la chuma lililotiwa kitako cha mti. Makala haya yanachunguza vitu ambavyo bunduki ilivitumia na kuvimaliza, na hasa kimoja ambacho aghalabu husahauliwa, yaani mafuta yaliyopakwa kwenye risasi. Hoja yake ni kwamba mabadiliko makubwa ya karne ile hayakuwa kuongezeka kwa bunduki tu, bali kuhama kwa uwezo wa kuzilisha: kutoka kambini kwenda kiwandani na forodhani.

Eneo linalohusika ni bonde la mto Lualaba, kuanzia Kasongo na Nyangwe hadi kaskazini penye mji wa Kindu, ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Maniema. Kindu ilipata umaarufu baadaye, hasa baada ya kujengwa kwa reli iliyoiunganisha na Kongolo. Hata hivyo, Kiswahili cha wakazi wake, ambacho huitwa pia Kingwana, ni urithi wa misafara iliyotangulia reli hiyo.

Ushahidi wa msamiati

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi historia hii vizuri. Neno risasi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yenyewe. Kwamba neno hilohilo ndilo jina la kitu kipigwacho ni ishara ya watu waliozoea kuona madini yakigeuzwa kuwa silaha mbele ya macho yao. Chombo cha kazi hiyo kiliitwa kalibu, na kitendo chenyewe kusubu. Kazi haikuhitaji tanuri kubwa: risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa makaa hulifikia kwa urahisi, ilhali shaba huhitaji nyuzi 1085. Msafara wenye kalibu moja na kipande cha madini uliweza kujitengenezea risasi popote ulipotua.

Aina za bunduki nazo zilitofautishwa kwa namna zilivyowashwa na kushindiliwa: bunduki ya mrao iliyowashwa kwa utambi, gumegume iliyotoa cheche kwa jiwe, ile ya fataki, na mwishowe bunduki ya viasi. Kiasi hapa ni baruti na risasi zilizokwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Neno hilo linaeleza jambo zima: kipimo kilichokuwa mkononi mwa mpigaji sasa kilipimwa na mtu mwingine.

Katika Kongo neno risasi lilipata sura mpya. Watu husema masasi, katika Kiswahili cha huko na hata katika Kilingala. Inaonekana kwamba silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, kama kilivyo katika lugha nyingi za Kibantu za eneo hilo, kisha wingi wake ukaundwa kwa ma-. Neno halipokewi namna hiyo na watu wanaolisikia mara moja kwa mwaka.

Jambo jingine lastahili kuangaliwa. Bunduki, baruti, risasi, kalibu na mdeki, ule ufito wa kushindilia, ni majina yaliyokuja na bidhaa kutoka ng'ambo. Lakini mafuta na nta ni maneno ya Kibantu. Vilainishi ndivyo pekee, katika mahitaji yote ya bunduki, ambavyo nchi iliweza kuvitoa yenyewe. Na Maniema ni nchi ya michikichi.

Kazi ya mafuta

Baruti nyeusi haiungui yote ikawa moshi. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na chumvi, na baada ya mizinga michache mtutu huziba. Mafuta huyafanya masizi hayo yabaki laini, ili risasi inayofuata ishuke bila kukwama. Katika gumegume, ambayo mtutu wake ni laini ndani, tatizo lilipunguzwa kwa kusubu risasi iliyo nyembamba kuliko mtutu na kuizungushia kitambaa au karatasi. Shabaha ilipungua, lakini bunduki iliendelea kupiga.

Palipokosekana risasi, watu walitumia walichokuwa nacho. Stanley, aliyeondoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip mwezi Novemba 1876, aliandika kwamba tarehe 14 Februari 1877, akiwa mbali zaidi mtoni, alishambuliwa na Wabangala kwa bunduki zilizojazwa vipande vya chuma na shaba. Vipande vya namna hiyo huujeruhi mtutu unaovipitisha.

Bunduki zenye mifuo ndani zilileta sharti jipya. Risasi ilipaswa kubana mtutu ili izungushwe na mifuo. Na risasi ibanayo bila kilainishi huacha utando wa madini ndani ya mifuo na kuharibu shabaha. Kwa hiyo mafuta, yaliyokuwa msaada, yakawa lazima. Hapo ndipo lilipozuka swali: ni nani ayapake, na ni mafuta gani?

Swali hilo liliitikisa India mwaka 1857. Viasi vya bunduki ya Enfield vilipakwa shahamu, na askari walitakiwa kuvirarua kwa meno. Uvumi ulienea kwamba shahamu hiyo ilikuwa ya ng'ombe na nguruwe, jambo lililowachukiza Wahindu na Waislamu pia. Huko Meerut, mwezi Aprili, askari 85 kati ya 90 walikataa kuvipokea, na uasi ukalipuka tarehe 10 Mei. Sababu za uasi zilikuwa nyingi. Lakini kiasi kilichopakwa mafuta kilizidhihirisha, kwa kuwa askari alitakiwa kutia kinywani kitu ambacho hakukitengeneza wala hakukijua.

Baada ya hapo kiwanda kilishika kila kitu. Kiasi cha Martini-Henry, bunduki iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, kilikuwa na risasi iliyochanganywa na bati, ikazungushiwa karatasi, na kisahani cha nta ya nyuki ndani ya ganda. Mpigaji hakusubu, hakupima, hakupaka.

Sheria na anguko

Tofauti kati ya kalibu na kiasi iliingizwa katika sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha kuingizwa barani Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki za mifuo na viasi vyake zilibanwa kabisa kwa watu wa kawaida. Gumegume zisizo na mifuo na baruti hafifu ya biashara ziliweza kuruhusiwa. Kwa maneno mengine, Mwafrika na mfanyabiashara wa pwani waliachiwa kalibu, na dola zikajiwekea kiasi.

Ni rahisi kudhani basi kwamba watu wa pwani walishindwa katika vita vya 1892 hadi 1894 kwa kuishiwa zana. Ushahidi unakataa. Kasongo ilipotekwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, Sidney Hinde, daktari wa jeshi hilo, aliandika kwamba zilikutwa takriban tani 10 za baruti, fataki kwa mamilioni, na viasi vya karibu kila aina ya bunduki na bastola. Ghala halikuwa tupu. Lakini wingi huo wa aina ulikuwa udhaifu: risasi ya kusubu hulinganishwa na mtutu wowote kwa kubadili kalibu, bali kiasi cha bunduki moja hakiingii katika nyingine. Askari wa Dola Huru ya Kongo walikuwa na Albini, bunduki ya aina moja iliyopata viasi kutoka chanzo kimoja.

Hitimisho

Kushindwa kwa Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, na wenzake hakukutokana na sababu moja. Gongo Lutete aliyewaacha mwaka 1892 alikuwa na uzito mkubwa kuliko ghala lolote. Hata hivyo, msamiati unatuonya tusizitazame bunduki kana kwamba zote zilikuwa sawa. Aliyemiliki kalibu, moto na mafuta ya nchi alikuwa bwana wa silaha yake, ingawa ilikuwa duni. Aliyepewa kiasi alipewa silaha bora pamoja na utegemezi. Mtafiti atakayekusanya msamiati wa bunduki kwa wazee wa Kindu, Kasongo na Nyangwe atakuwa anakusanya pia historia ya utegemezi huo.