Nyayo za Dawa ya Lehemu

Safari ya dawa za kupunguza lehemu inaanzia mbali na duka la dawa. Mwaka 1913, mjini St. Petersburg, Nikolai Anichkov aliwalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti. Mafuta yakajikusanya katika kuta za mishipa yao. Chanzo kikawa kimeonekana, tiba bado.

Toka hapo nyayo zinaelekea Japani. Mwaka 1971 Akira Endo, mtoto wa wakulima wa Akita, alianza kuchunguza kuvu katika kampuni ya Sankyo, Tokyo. Alitafuta kitu cha kuzuia kimeng'enya ambacho ini hukitegemea kutengeneza lehemu. Alipima aina 6,000 hivi, na mwaka 1973 akakipata katika kuvu ya kijani-buluu iliyoota kwenye mchele wa duka moja la nafaka huko Kyoto.

Panya walipopewa dawa hiyo, lehemu haikushuka. Kazi ingeweza kufia hapo. Lakini mwaka 1976 ilijaribiwa kwa kuku wa mayai, na lehemu yao ikapungua sana.

Mwaka 1978 Dkt. Akira Yamamoto wa Osaka alimpa dawa hiyo msichana wa miaka 18 aliyerithi lehemu ya kupindukia. Lehemu ilishuka, ila misuli ikalegea. Yamamoto hakuipuuza dalili hiyo, wala hakuitupa dawa: alipunguza dozi, akaendelea na wagonjwa wengine. Sankyo ilisimamisha majaribio mwaka 1980 kwa hofu ya madhara yaliyoonekana kwa mbwa, na dawa ya kwanza ya jamii hii, iitwayo statini, kuidhinishwa Marekani ikawa lovastatini ya kampuni ya Merck, mwaka 1987.

Hata hivyo, kushusha lehemu ni jambo moja, kuokoa moyo ni jingine. Jibu lilitoka nchi za Skandinavia mwaka 1994. Wagonjwa wa moyo 4,444 walifuatiliwa kwa miaka mitano na zaidi. Katika nusu iliyopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 256. Katika nusu iliyomeza simvastatini, statini nyingine, 182.

Tofauti hiyo ni watu waliorudi kwa familia zao. Ndiyo maana mgonjwa anayeumwa misuli asiache vidonge kimyakimya, amwambie daktari wake. Na daktari amsikilize, kama Yamamoto alivyomsikiliza yule msichana. Kwa usikivu huo dawa za jamii hii zilipata kuishi.