UZI: Je, ni mahakama iliyotuondolea kikomo cha riba?

1/ Kila mjadala wa siasa ukifika kwa mikopo, hakosi mtu wa kusema: "Bunge lilitulinda, mahakama ikatuuza kwa benki." Hebu tupitie historia pole pole, kwa sababu mambo hayakuenda hivyo.

2/ Mwaka wa 2000 Bunge lilipitisha sheria kwamba riba ya mkopo isizidi pointi 4 juu ya riba ya hati za serikali za siku 91. Benki zikakimbia Mahakama Kuu, na 2002 zikashinda. Shida ilikuwa nini? Sheria ilirudishwa nyuma hadi Januari 1, 2001. Yaani ungeadhibiwa kwa jambo ambalo halikuwa kosa ulipolifanya. Katiba inakataa hiyo.

3/ 2016 Bunge likajaribu tena. Kifungu 33B: riba isipite pointi 4 juu ya ile ya Benki Kuu. Benki Kuu ikiwa 10%, benki yako mwisho ni 14%. Ukivunja, faini isiyopungua milioni 1, au mkuu wa benki afungwe mwaka mmoja kwenda juu.

4/ Machi 14, 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema maneno ya kifungu hicho hayaeleweki. Sheria inayofunga mtu jela lazima iseme wazi inakataza nini. Lakini hawakukiua siku hiyo. Waliahirisha uamuzi kwa miezi 12 ili Bunge lirekebishe.

5/ Bunge lilirekebisha? Wapi! Rais alirudisha Mswada wa Fedha akitaka kikomo kiondolewe, wabunge wakakosa thuluthi mbili ya kumpinga. Novemba 2019, 33B ikafutwa kabisa, miezi 12 haijaisha. Kwa hivyo kalamu iliyofuta haikuwa ya jaji.

6/ Sasa hapa ndipo wengi hulala. Sheria hiyo ya 2016 ilileta pia kifungu 31A: kabla benki ikupe mkopo, lazima ikuambie ada zote na masharti yake. Kesi ya 2019 haikukigusa. Kikomo kilienda, haki ya kujua ikabaki.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi kikomo kipya, muulize swali moja: umeiandika vipi? Mara mbili tumepoteza kortini kwa uandishi mbovu. Na wewe, kabla ya kutia sahihi, itisha hesabu yote: riba, ada, bima, kila kitu. Si kuombaomba. Ni sheria.