Nani Hufikishwa Mbele ya Kipimo? Utambuzi wa Vipaji katika Shule za Msingi

Nchini Tanzania, sifa ya kuwa na kipaji maalumu humfikia mtoto akiwa amekwisha kuiaga shule ya msingi. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na shule mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana, hupokea waliofaulu kwa kiwango cha juu mtihani wa darasa la saba. Utaratibu huo una haki yake: karatasi ni ileile kwa wote. Lakini unakuja mwishoni, tena unapima mtaala. Mtoto aliyelipiwa tuisheni miaka yote na yule aliyesoma kwa kubanana katika darasa lililofurika hupimwa kwa walichofundishwa, na hawakufundishwa sawa.

Kabla ya hapo, kazi ya kutambua kipaji imeachiwa jicho la mwalimu. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alilitegemea jicho hilo alipoanza, mwaka 1921, kuwasaka watoto wenye akili nyingi katika jimbo la California. Walimu walitaja majina, waliotajwa wakapimwa. Terman mwenyewe alikuja kukiri kwamba anayemtafuta mtoto mwenye akili zaidi darasani ana nafasi nzuri zaidi ya kumpata akichukua mdogo kuliko wote katika daftari la mahudhurio kuliko akimsikiliza mwalimu. Sababu si ngumu kuiona: mwalimu huona matokeo ya kazi na kusahau umri. Mtoto wa miaka saba anayekwenda sambamba na wa miaka tisa huonekana wa kawaida tu.

Ushahidi mzito zaidi umetoka wilaya ya Broward, Florida. Huko mtoto alihitaji alama 130 katika kipimo cha akili ili aingie katika programu ya wenye vipaji. Kwa watoto wa familia maskini na wale wanaojifunza Kiingereza kama lugha ngeni, alama 116 zilitosha. Kwa maandishi, sera hiyo ilikuwa ya huruma. Hata hivyo, hakuna aliyepimwa bila kupendekezwa na mzazi au mwalimu, na wazazi wenye fedha waliweza kumlipa mwanasaikolojia binafsi. Mwaka 2005 wilaya iliamua kuwachuja watoto wote wa darasa la pili kwa jaribio la maumbo na ruwaza lisilodai ufasaha wa lugha, kisha waliovuka kiwango wakapelekwa kwenye kipimo kamili. Vigezo havikuguswa. Wanauchumi David Card na Laura Giuliano walipochunguza matokeo, waliona idadi ya watoto Weusi, wa asili ya Amerika ya Kilatini na wa familia maskini ikipanda sana. Wasichana nao walikuwa wakisahauliwa katika mapendekezo, jambo ambalo wengi wetu tusingelitarajia. Bajeti ilipobana, uchujaji wa wote ukasimamishwa, na tofauti za zamani zikarudi.

Watetezi wa shule maalumu watauliza: baada ya kuwatambua, tuwafanyie nini? Hapa Broward inawavuruga hata wanaoipenda. Shule yenye mtoto hata mmoja aliyetambuliwa ililazimika kufungua darasa la pekee, na viti vilivyobaki vikajazwa na wenye alama nzuri za masomo wasiofikia kigezo cha akili. Waliopanda kwa kasi katika kusoma na hisabati ni hao wa viti vya ziada, hasa watoto Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini. Wenye alama 130 hawakuonyesha faida kubwa katika mitihani. Kwa maoni yangu, hilo linatudai mlango mpana kuliko lebo, na linatilia shaka desturi ya kukusanya wachache mbali na kwao na kuiita hiyo ndiyo malezi ya vipaji.

Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne tayari unawakusanya watoto wote wa shule zetu. Karatasi fupi ya maumbo ikiongezwa siku hiyo ingemwona mtoto aliyeanza shule akizungumza Kimasai au Kisukuma, na ambaye Kiswahili cha darasani bado kinamkwaza. Kipimo hicho nacho kitawakosa wengine. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa na kundi la Terman wakaachwa, kisha kila mmoja akapata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Kwa hiyo alama nzuri za masomo zibaki njia ya pili ya kuingilia.

Shule yenye mikondo miwili inaweza kufungua darasa la namna ya Broward. Yenye mkondo mmoja, na za namna hiyo ni nyingi vijijini, imsogeze mtoto kwa somo: wa darasa la tano aingie kipindi cha hisabati cha darasa la sita, kisha arudi kwa wenzake. Hilo linataka vipindi viwili vya hisabati viende kwa wakati mmoja, walimu wawili wa somo hilo, na waraka unaompa mwalimu mkuu ruhusa ya kumsogeza mtoto bila kungoja mwisho wa mwaka. Waraka ni rahisi kuupata. Mwalimu wa pili wa hisabati ndiye atakayeamua ni shule zipi zitaweza.