Mwendo, ufunguo na hisia katika maelezo ya utungo wa fidla na okestra

mwendo nm mi- [u-/i-] (katika muziki) kiwango cha upesi ambacho mapigo ya utungo hufuatana nacho. *Utungo huu una mwendo wa taratibu.*

ufunguo nm funguo [u-/zi-] (katika muziki) sauti ambayo utungo huifanya makao yake, pamoja na ngazi ya sauti inayoizunguka. *Wimbo ulianza katika ufunguo wa G.*

hisia nm [i-/zi-] hali ya moyo ambayo muziki huiamsha kwa msikilizaji.

Matumizi

Maneno haya matatu huandamana katika maelezo ya matamasha, na mfasiri hushawishika kuyafanya yategemeane: mwendo wa taratibu, ufunguo mdogo, basi hisia ya huzuni. Tungo za kisasa huuvunja mnyororo huo. Mfano mzuri ni *Fratres* ya Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia aliyezaliwa mwaka 1935. Aliitunga mwaka 1977, akaiandalia sura nyingi. Inayotuhusu hapa ni ile ya mwaka 1992, ya fidla, okestra ya nyuzi na ala za kupigwa.

*Mwendo na kasi.* Utungo huo hufunguliwa na fidla peke yake, ikirukaruka juu ya nyuzi kwa noti nyingi za haraka, kwanza kwa sauti ya chini, kisha ikiongezeka nguvu. Anayesikia mwanzo huo tu ataandika:

✗ *Fratres ni utungo wenye mwendo wa kasi.*

Sentensi hiyo inapotosha. Noti ndizo zenye kasi. Mapatano ya sauti yaliyo chini yake hubadilika polepole sana, na okestra inapoingia, upole huo hudhihirika wazi. Afadhali kusema:

✓ *Fidla inapiga noti za kasi juu ya mwendo wa taratibu.*

Kasi basi ibaki kwa noti au vidole vya mpigaji, na mwendo kwa mapigo yanayoubeba utungo mzima. Mdundo ni jambo la tatu: ni mpangilio wa mapigo mazito na mepesi. Katika *Fratres* mapigo hupangwa kwa makundi ya 7, 9 na 11, na ndiyo maana msikilizaji hawezi kuyafuata kwa kupiga makofi, ijapokuwa mwendo haubadiliki. Mahadhi hayafai hapa, kwa kuwa wengi huyaelewa kuwa ni tuni yenyewe.

Namba nazo zisomwe kwa hadhari. Philip Glass, katika Konserto yake ya kwanza ya fidla (1987), hakuzipa sehemu tatu majina ya Kiitaliano. Alizipa vipimo vya metronomu. Ya kwanza huanza kwa mapigo 104 kwa dakika, ya pili ni takriban 108, ya tatu takriban 150. Kwa hesabu, sehemu ya pili inaupita kidogo mwanzo wa ya kwanza. Kwa sikio, hiyo ndiyo sehemu ya taratibu. Mfasiri anakili namba kama zilivyo, asiongeze neno «haraka» kutoka kichwani mwake.

*Ufunguo.* Wanakwaya wanaosoma nota za sol-fa wanalijua jambo hili vyema, kwani mwanzoni mwa ukurasa huonyeshwa Do ni sauti gani. Tatizo ni sifa zinazofuata. Mkubwa na mdogo yamekubalika kiasi, na wengine huandika meja na maina. Vyovyote iwavyo, makala moja ishike jozi moja. Udogo unaotajwa ni wa nafasi iliyopo kati ya sauti ya kwanza na ya tatu ya ngazi, iliyo fupi kwa nusu toni. Hausemi kwamba utungo ni mnyonge wala kwamba unalia.

Kwa *Fratres* hata jozi hiyo haitoshi. Sauti za pembeni hutembea katika ngazi ya D mdogo yenye C iliyopandishwa nusu toni. Sauti ya kati hukaa ndani ya A, C na E tu. Na chini kabisa A na E hushikiliwa kwa muda mrefu. C mbili tofauti zinakaribiana hivyo, na sikio halipati hakika kama limo katika A mkubwa au A mdogo. Kuandika «ufunguo wa D mdogo» kunataja ngazi na kusahau makao. Ninapendekeza: *ngazi ya D mdogo, makao yake A*. Ni maneno mengi kidogo, lakini ni ya kweli.

*Hisia.* Kutokana na hayo, huzuni ni neno la haraka mno, na simanzi, lenye uzito wa msiba, linazidi mpaka. Utulivu unafaa nusu, maana fidla ya mwanzo haikutulia hata kidogo. Taamuli na unyenyekevu yanakaribia zaidi: moyo uliojikusanya, huku kitu ndani yake kikitetema.

Jina la utungo lenyewe ni Kilatini, na maana yake ni ndugu wengi. Ndugu halibadiliki katika wingi. Hivyo likiwa pekee kama anwani, msomaji hajui ni mmoja au ni wengi. Mabruda linaonyesha wingi, lakini linafunga maana katika utawa wa Kikatoliki. Lipo pia ikhwani, neno ambalo wapenzi wa taarabu wamelizoea kutokana na Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, ambacho nacho kina fidla katika ala zake. Katika maelezo ya tamasha, jina liachwe *Fratres*, na «ndugu hawa» iwekwe ndani ya sentensi, ambamo kiashiria kitaubeba wingi.