Mnazi wa Mangwe: Utajuaje Kama ni Tembo Ama Maji ya Sukari?

Wasee wa whisky watakuambia story za pipa na miaka 12. Sawa. Mnazi huhesabiwa kwa masaa, na ukikosea timing umelipia siki.

Cheki vile inaenda. Mgema hupanda asubuhi na jioni, anakata ncha ya panda, lile shada la maua ambalo bado halijafunguka, na utomvu unadondoka kwenye kibuyu. Hatii hamira. Hewa na kibuyu chenyewe vina chachu ya kutosha, so kuchacha kunaanza hata kabla ashuke.

Ukiupata mapema ni tembo tamu: sukari nyingi, kilevi kidogo. Kitambo Pwani hii ndiyo ilikuwa inaumua vitumbua. Kufika mchana imefika kama asilimia 4 ama 5, karibu na bia. Hapo ndipo penyewe. Rangi ni kama maji ya kuosha mchele, povu linapanda lenyewe, ladha ni uchachu wa tunda lililoiva kupita kiasi, na harufu ya mkate mbichi kwa mbali. Ladha ya nazi? Hakuna, manze, usiitafute. Kesho yake ni siki tupu. Goa na Ufilipino wanapikia hiyo.

Sasa shida. Mitungi inatoka Kaloleni na Rabai mpaka ikufikie Majengo, na njiani mikono ni mingi. Unajua ile ya mgema akisifiwa. Mnazi wa ukweli hubadilika ukiwa mezani: saa saba si sawa na saa kumi. Kama ni mtamu vilevile mpaka usiku, kuna mtu ametia sukari. Mwepesi na hauna povu? Ni maji hayo.

Na kama ni angavu na inachoma koo, weka chini. Huo si mnazi, ni kitu kimepikwa. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Kenya na wengine wakapofuka, na methanoli huwezi kuigundua kwa ulimi.

Mrija uwe na kichujio, nyuki huzama mle. Ukibeba chupa usikaze kifuniko, gesi itaipasua. Na ukipita Msikiti Musa, tia kwa begi, heshimu mtaa. Chini ya miaka 18, subiri.