Nani Alilala Chini? Historia ya Kitanda cha Karavani

Wiki jana nilienda kwa fundi wa vitanda pale Ngong Road. Mimi na rafiki yangu tumenunua matatu moja kuukuu ya abiria 14, haina viti, na mpango ni kuigeuza karavani tuzunguke Kenya tukipiga video. Nikamwambia fundi nataka kitanda cha nne kwa sita, kitanda cha ukweli, si kale ka kukunja ka kambi.

Akaingia ndani na futi yake, akatoka akicheka. "Kijana, upana wa ndani ni futi tano hivi. Ukilala kwa upana utakunja magoti. Ukilala kwa urefu, sawa, lakini mwenzako atalala wapi?"

Manze, sikuwa nimemfikiria mwenzangu. Na huyo ndiye msee aliyenipa sakafu ya keja yake miezi saba, nilipoacha chuo nikiwa sina pa kwenda.

Nilirudi nikaanza kusoma, nikakuta swali la fundi ni la zamani kuliko gari lenyewe.

Neno karavani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kundi la watu wanaosafiri pamoja. Sisi tunasema msafara. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara, na mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 30 siku nzima. Wazungu walipoanza kusafiri kwa njia hiyo, kati ya mizigo kulikuwa na kitanda cha kukunja cha bwana mkubwa. Sasa piga picha: unabeba kitanda kutwa, jioni unakitandika vizuri, halafu wewe unajilaza chini kando ya moto. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikuja kuwinda huku na wapagazi zaidi ya 200.

Uingereza, kwenye karne hiyohiyo ya 19, Waroma walikuwa wameanza kuishi kwenye magari yao ya kuvutwa na farasi, yale ya vardo. Hao nawapa heshima. Kitanda cha wazazi kilikaa nyuma, kutoka ukuta mpaka ukuta, na chini yake kulikuwa na nafasi yenye vijimlango ambapo watoto walilala. Ndiyo dabo deka ya kwanza ninayoielewa. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, alichukua wazo hilo akatengenezewa gari la kifahari, Wanderer, la kutembelea tu. Alisafiri na mtumishi na dereva wa farasi. Eti likizo ya upweke barabarani, na watu wawili wa kumhudumia.

Lakini mtu aliyenishika kabisa ni Wally Byam wa Marekani. Akiwa kijana alichunga kondoo na kuishi kwenye kigari kidogo chenye jiko. Baadaye akaoa, na mke wake, Marion, hakupenda kabisa kulala chini ndani ya hema. Byam akachukua fremu ya Ford Model T, akajenga juu yake kitu cha kulala kilichoinuka kutoka ardhini. Kutoka hapo ndipo ilikuja Airstream, zile trela za fedha zinazong'aa kama sufuria mpya. Modeli ya 1936, Clipper, ililaza watu wanne, na ujanja ulikuwa kwenye meza: unaishusha katikati ya viti, unapanga mito juu, tayari kitanda. Ujanja mzuri, ila mwenye kuchelewa kuamka anazuia chai ya kila mtu.

Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Umeona labda ile picha ya trela zimejipanga mbele ya piramidi. Walipitia Kenya, na hapa ndipo nilisimama kusoma kwa muda. Hali ya hatari iliyotangazwa 1952 ilikuwa bado haijaondolewa, iliisha Januari 1960. Zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vya kulindwa, nyumba zao zikachomwa. Simlaumu mtalii aliyelala vizuri kwenye trela yake. Lakini barabara ilikuwa moja, na kuna waliopita nayo na vitanda vyao, na kuna wenye nchi waliokuwa hawaruhusiwi kulala kwao.

Kwa hivyo jana nilimrudia fundi na mchoro wa Waroma. Kitanda cha juu kwa urefu wa gari, upana futi mbili na nusu, na kingine chini yake kinachovutwa kama droo. Nne kwa sita imekufa. Fundi amekubali, ila anasema godoro la chini lisizidi inchi nne, la sivyo droo haitaingia.

Nilimpigia msee wangu nikamwambia tutapokezana juu na chini. Akauliza nani anaanza juu. Nikamwambia yeye, miezi saba ya kwanza.